Matroni na Sukari ya Jaduong'

Matroni hakumwambia mtu hata mmoja kwamba sindano haitauma. Wauguzi wengine husema hivyo. Hupuliza mkono wa mgonjwa, humwita mtoto jina tamu, kisha huchoma. Yeye alisimama mbele yako ameiinua sindano mahali ambapo ungeiona vizuri, akasema, "Itauma. Ukijitikisa itauma zaidi, kwa sababu nitarudia." Nilimsikia akiyasema hayo kwa askari, kwa padri, kwa mume wake mwenyewe, na mwishowe kwa paka.

Mimi nilikuwa mpishi wake. Nilitoka Port Victoria nikiwa msichana asiyejua kushika kalamu, na mpaka leo sijui. Ndiyo maana wewe, mjukuu wangu, ndiwe unayeandika, nami nakuagiza usinipambie maneno. Alikozaliwa na waliomzaa sitakutajia. Nilimkuta amekwisha kuwa Matroni, msimamizi wa wauguzi katika hospitali ya mjini Kisumu, na alipostaafu alibaki kuwa Matroni katika nyumba yake ya Milimani, akisimamia jiko, bustani, mume, mwana na paka kama wodi ambayo wagonjwa wake hawaruhusiwi kwenda nyumbani.

Hakuvua viatu vyeupe. Hakuvua pia ile saa ya wauguzi inayobanwa kifuani kichwa chini miguu juu, ambayo aliyeivaa ndiye pekee anayeweza kuisoma. Ukimuuliza ni saa ngapi alikujibu, "Umechelewa," hata kama hukuwa na mahali pa kwenda. Alikunywa chai ya rangi bila kitu, akaonja mchuzi wangu kwa ncha ya kijiko kama mtu anayepima dawa, na kwa miaka yote niliyompikia sikusikia akisema kwamba chakula ni kitamu. Alipoimaliza sahani nilijua. Wageni waliokuja kumsalimu aliwatazama kucha kwanza, uso baadaye. Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa aliwahi kurudishwa bombani akanawe kabla ya kusoma sala, naye alinawa.

Paka alikuwa wa rangi ya machungwa, mnene, mwenye kichwa kikubwa, na aliitwa Jaduong'. Kwa Wajaluo hilo ni jina la heshima, la mzee anayesikilizwa. Mume wa Matroni hakuwahi kuitwa hivyo. Yeye aliitwa "wewe" akiwa karibu na "yule" akiwa mbali. Jina hilo lilimtesa zaidi mzee wa bustani, ambaye kwao Seme aliitwa Jaduong' kwa haki. Matroni aliposimama mlangoni na kuita, "Jaduong', njoo ule!" mzee alidondosha jembe na kuja akipangusa mikono.

"Mama, umeniita?"

"Wewe nimekuita lini? Jaduong' ni huyu hapa. Wewe ni mzee wa bustani."

"Lakini Mama, kwetu mimi ndio Jaduong'."

"Basi nenda ukaitwe kwenu."

Mzee alicheka, kwa sababu hakuwa na la kufanya. Lakini nilimwona mara nyingi akimnyunyizia paka yule maji ya mpira kwa makusudi, kisha akisema kwa sauti, "Samahani, Jaduong', sikukuona."

Ugonjwa wa sukari uliingia nyumba ile kupitia kwa mume. Alikuwa mtu mpole, karani wa zamani wa bandarini, aliyependa ndizi mbivu na utulivu, na vyote viwili alinyimwa. Matroni alimchoma insulini asubuhi na jioni kwa mkono usio na kosa, na alimuua kwa aibu wakati wote uliobaki. Wageni walipoketi alisema, "Huyu jana amekula ndizi. Muulizeni kidole chake cha mguu kama kilifurahi." Kidole kilikatwa. Baadaye mguu ulikatwa. Siku ya mazishi mhubiri alisema kwamba marehemu aliugua kwa muda mrefu na kuvumilia, naye Matroni, akiwa ameketi mbele kabisa katika nguo nyeusi, akasema kwa sauti iliyofika nyuma ya hema, "Hakuvumilia. Alikuwa mkaidi." Hakutoa chozi. Jioni yake aliosha mwenyewe mashuka ya marehemu, akayapiga pasi, akayaweka kabatini, na mlango wa kabati lile haukufunguliwa tena.

Usidhani ninakuchorea shetani. Mama yako Nekesa nilimzaa juu ya sakafu ya jiko la Milimani, kabla ya wakati wake, siku ambayo gari halikupatikana. Nilipopiga kelele Matroni alinichapa kofi. Mtoto alipotoka kimya, wa buluu, alimfyonza kamasi kwa mdomo wake mwenyewe, akatema katika sinki, akamshika miguu na kumchapa naye pia, akasema, "Ana kichwa kigumu. Ataishi." Kisha akaniuliza kama nimekwisha kuloweka maharagwe. Palikuwa pia na jirani mmoja aliyeugua kifua kikuu, ambaye watoto wake mwenyewe walimpitishia chakula dirishani. Matroni aliingia kila siku, akaketi kitandani mwake, akamlisha kwa kijiko huku akimtukana. "Kula. Kama ni kufa, ufe umeshiba, usiniharibie jina." Jirani yule alipona. Hakuwahi kumshukuru, na sidhani kama Matroni alitaka kushukuriwa. Alitaka kutiiwa, na mtu akipona alihesabu kwamba ametii.

Paka alipoanza kunywa maji kwenye bomba la bustani kama ng'ombe, na kukojoa kila pembe, na kula sana huku akikonda mpaka mifupa ya mgongo ikaonekana, na kutembea kwa visigino badala ya kunyata kwa vidole, sisi wengine tulidhani amelogwa au amelishwa sumu. Matroni alimtazama mara moja tu.

"Ni sukari. Amerithi kutoka kwa yule."

Mzee wa bustani alikuwa na neno lake. Mwana wa Matroni, mtoto wake wa pekee, alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha sukari upande wa Muhoroni. "Yawa," mzee akaninong'oneza, "mwana anaisaga Muhoroni, paka anaikojoa Milimani."

Daktari wa mifugo aliitwa, kijana mtaratibu aliyezoea ng'ombe wa maziwa na mbwa wa ulinzi. Alipima damu, akakubali kwamba ni sukari, akaeleza kwa upole kwamba watu wengi wangemwacha mnyama apumzike. Matroni akamwambia kwamba katika nyumba yake hapumziki mtu bila ruhusa. Akafungua friji na kumwonyesha chupa za insulini ambazo marehemu hakuishi kuzimaliza.

Hivyo utawala ukaanza upya. Nilimchemshia paka samaki bila chumvi, nyama yake ikapimwa kwenye mizani kabla ya kuwekwa sahanini. Matroni alimfunga kwa taulo mpaka kichwa tu kikabaki nje, akamtoboa pembeni mwa sikio, akagusisha tone la damu kwenye kipimo, akasoma namba, kisha akavuta dawa kwenye bomba la sindano akiwa ameliinua dirishani. "Itauma," alimwambia. Paka alijifunza sauti ya viatu vile. Alipovisikia aliingia chini ya kabati la vyombo, na Matroni alimtoa kwa mpini wa fagio.

Na sukari ile haikutulia. Siku moja ilikuwa juu, naye akaongeza dozi. Siku ya pili ikawa juu zaidi, akaongeza tena. Siku ya tatu paka akalala amelegea kama kitambaa, halafu jioni kipimo kikaonyesha imepanda kupita zote. Nilimwona mwanamke aliyetawala wodi nzima akisimama mbele ya mnyama wa ukubwa wa mtungi mdogo, akimnyooshea kidole. "Unashindana nami," alimwambia. "Wewe unashindana na mimi."

Daktari alijaribu kumfafanulia. Alisema dozi ikizidi, sukari huporomoka, mwili ukashtuka na kumwaga akiba yake yote, ndipo yeye anapopima na kuona imepanda. "Punguza, Mama. Kisha usibadilishe. Mpe muda." Halafu akasema jambo ambalo mtu mwenye busara angelimeza. "Kuna lingine. Paka akiogopa, sukari yake hupanda. Huyu hupanda akikuona."

"Wote waliopona mikononi mwangu waliniogopa," Matroni akasema. "Mpeleke daktari getini, Mama Nekesa."

Sasa nifike kwa mkaza mwana, kwa sababu bila yeye habari hii haikamiliki. Mwana wa Matroni alimwoa Wambui, binti wa wafanyabiashara waliokuja Kisumu kutoka Mlima Kenya, msichana aliyesomea ufamasia na aliyekuwa na duka la dawa mjini. Wajaluo humwita mke kwa mahali alikotoka, nyar fulani, yaani binti wa mahali fulani. Matroni alimwita nyar duka. Na kwa kuwa msichana hakuzijua desturi za ukweni, Matroni alimfundisha ile iliyomfaa yeye. Mke mpya hupika katika jiko la mama mkwe mpaka mama mkwe atakapomruhusu kuwasha jiko lake mwenyewe. Hata mashambani siku hizi watu wameilegeza. Bibi harusi hupika wiki chache kwa heshima, wanacheka, anapewa sufuria, anaondoka. Wambui alipika Milimani, juu ya meko ya gesi, mpaka mwaka ukageuka. Mumewe alikuwa amejenga nyumba yao Nyamasaria. Ilikuwa imeezekwa, imepakwa rangi, ina maji. Ufunguo ulining'inia kifuani mwa Matroni pamoja na saa. Mwana alikuja mwisho wa juma kutoka kiwandani, akautazama ufunguo ule, akamtazama mama yake, akala chakula chake.

"Nitaruhusiwa lini, Mama?" Wambui aliuliza siku moja mbele yangu.

"Siku utakapojua kutunza uhai. Kuuza vidonge si kutunza uhai."

Nilimwona Wambui akitunza uhai Jumapili iliyofuata, Matroni akiwa kanisani. Paka alikuwa amechomwa dozi kubwa asubuhi. Tulimkuta kwenye sakafu ya baraza anatetemeka, macho yamekodoka, povu mdomoni. Wambui akapiga magoti, akampima, akapaza sauti, "Mama Nekesa, sukari! Leta sukari, haraka!"

Bakuli la sukari lilikuwa mezani, lakini mzee wa bustani alifika kabla yangu. Alilikumbatia kifuani kama mtoto.

"Hapana. Mama amesema paka ana sukari. Sasa wewe unataka kumwongezea nyingine?"

"Mzee, sukari imeshuka! Imeshuka kabisa!"

"Imeshuka?" Mzee akatabasamu. "Si ndiyo vizuri? Kila siku tunaomba ishuke."

Usimcheke. Katika nyumba ile hapakuwa na habari njema isipokuwa hiyo. Tulikuwa tumefundishwa kwa miaka, tangu wakati wa mume, kwamba sukari ikipanda tutatukanwa na ikishuka tutapumua. Nani alitueleza kwamba inaweza kushuka mpaka ikaua? Matroni alitufundisha hofu. Maana yake alijiwekea. Wambui hakuwa na wakati wa kumweleza mzee. Alimng'ata mkono. Binti wa duka la dawa, aliyekuwa hapazi sauti hata akiungua jikoni, alimng'ata mzee wa watu mpaka bakuli likaanguka, akachota sukari sakafuni, akailowanisha kwa mate na kumpaka paka kwenye ufizi. Baada ya muda kichwa kikainuka. Masharubu yalikuwa yamenata.

Matroni aliporudi alimkagua paka, akailamba sukari kwenye kidole chake, akatutazama mmoja mmoja. Alikuwa muuguzi wa maisha yote. Alijua kabisa kilichotokea na nani ameokoa nini. Akaingia ndani, akatoka na shati la marehemu mumewe, akampa mzee wa bustani. "Wewe peke yako ndiye uliyetii," alimwambia. Wambui hakupewa hata neno.

Kilichomvunja hatimaye ni macho yake. Ukungu uliingia kwanza jicho la kushoto, kisha la kulia. Alianza kujichoma vidole. Akaacha bomba na chupa, akanunua kalamu ya insulini, ile ambayo ukiuzungusha mkia wake hulia tik kwa kila kipimo, ili ahesabu kwa sikio. Hata hivyo hakuweza tena kusoma namba za damu wala kuliona sikio la paka. Daktari wa macho alimwambia muda wa kuyaokoa umepita. Daktari wa mifugo alimwambia amwachie mtu mwingine. Nilidhani atakataa. Akamwita Wambui jikoni, na mwanawe alikuwepo, nami nilikuwepo.

"Mchukue wewe. Mtulize. Siku daktari atakaposema Jaduong' ametulia, nitakupa ufunguo mbele yake. Akifia mikononi mwako, utapika hapa mpaka mimi nife."

"Mama—" mwana akaanza.

"Sikusema nawe."

Wambui akasema, "Nimekubali, Mama." Alisema kwa upole.

Akapunguza dozi ikawa vipimo viwili tu, asubuhi na jioni, wala hakubadilisha. Aliketi sakafuni miguu imekunjwa, akaweka sahani ya samaki katikati ya mapaja, na paka alipokuwa akila alimchoma nyuma ya shingo, na paka hakuinua kichwa. Hakukuwa na taulo wala fagio. Manyoya yakarudi. Visigino vikainuka, akaanza kunyata tena kama paka. Akaanza kulala mlangoni pa chumba cha Wambui, na Matroni alipopita akipapasa ukuta, Jaduong' aliinuka na kuondoka polepole, bila hofu, kama mtu anayempisha mgeni. Naamini hilo ndilo lililomuua paka yule. Matroni angevumilia kushindwa na ugonjwa, lakini hakuvumilia kuona kiumbe kimepona bila kumwogopa.

Daktari alisema vipimo ni vizuri. Angekuja mara moja zaidi, na vikibaki hivyo angesema neno lililosubiriwa. Wambui alinunua sufuria mpya, akazificha kwangu. Asubuhi ya siku hiyo alimchoma paka kama kawaida, akaenda kufungua duka ili arudi daktari atakapofika.

Nilikuwa ninaosha vyombo. Matroni aliingia jikoni akipapasa, akafungua friji, akachukua kalamu. Paka alikuwa amelala kwenye kiti karibu na jua. Alimwinua bila kumkosa. Kisha nikasikia tik, tik. Nikangoja. Tik nyingine, na nyingine, na nyingine, taratibu, sawasawa, mpaka nikaacha kusugua.

"Mama," nikasema, "nyar duka amekwisha kumchoma."

"Najua," akasema.

Hakumwambia paka kwamba itauma. Alimchoma, akamweka begani, akamsugua mgongo kwa kiganja chote, na hiyo ndiyo mara ya pekee niliyomwona akifanya hivyo. Akaingia naye chumbani na kufunga mlango kwa komeo.

Nilipiga mlango ule kwa mikono miwili. Nilimtuma mzee wa bustani ampigie Wambui simu. Mzee, ambaye sasa alijua maana ya sukari kushuka, alikuja mbio na mtungi wa asali, akasimama nje ya mlango akiomba, "Mama, fungua. Mama, mpe kidogo tu. Mama, ni Jaduong'." Tulisikia kucha zikikwaruza sakafu kwa kasi, kama mtu anayekimbia mahali pamoja. Halafu hatukuzisikia tena.

Wambui alifika pamoja na daktari, walikutana getini. Mlango ukafunguliwa kutoka ndani. Jaduong' alikuwa juu ya mto, miguu imenyooshwa na kupangwa, kope zimefumbwa, kama alivyowapanga maiti wake wodini. Matroni alishika saa ya kifuani, ambayo hakuweza tena kuisoma, akaigeuza juu kwa mazoea. "Amefia mikononi mwako," akamwambia Wambui.

Wambui aliichukua kalamu, akaitazama kwenye mwanga, akaona dawa ilivyopungua. Hakupiga kelele. Mwana alipokuja kutoka kiwandani alilia, akasema mama yake amekosea, maskini, macho, mikono ya uzee. Mzee wa bustani akakubali, daktari akakubali. Ilikuwa rahisi kwa kila mtu kukubali. Wambui alinigeukia mimi.

"Mama Nekesa, ulikuwepo. Alijua?"

Nikamwambia nilichosikia, nikamwambia nilichosema, nikamwambia nilichojibiwa. Matroni alikuwa ameketi hapo hapo. Aliniuliza kama chai imechemka.

Kesho yake Wambui alichukua sufuria zake, akampata fundi Nyamasaria, akavunja kufuli ya nyumba yake. Mumewe alibaki Milimani siku chache akizunguka uani, kisha akamfuata. Nami nilipozeeka nikahamia huko huko, chumba cha jirani, na mtoto wao alipozaliwa ni mimi niliyemwogesha mara ya kwanza.

Mtoto alipoanza kukaa, Wambui aliniita. "Nenda Milimani, Mama Nekesa. Mwambie aseme alikosea. Sitamuuliza kama alijua. Aseme tu alikosea dozi, neno hilo moja, nami nitampelekea mtoto, na nitampelekea kila Jumapili."

"Unamwomba aseme uongo," nikasema.

"Ndiyo. Nimemchagulia ulio mwepesi."

Nilimkuta barazani, kwenye kiti, viatu vyeupe vimepakwa chaki na msichana wa kazi ambaye hakujua kupaka. Macho yalikuwa meupe pia. Alinitambua kwa hatua.

"Umenenepa," akasema. "Unakula usiku."

"Nimekuja na ujumbe, Mama. Wambui amezaa. Ni mwanamume."

Mikono yake ililala mapajani, ikageuka, viganja vikatazama juu.

"Alizaliwa na uzito gani?"

Nikamwambia.

"Ananyonya?"

"Ananyonya, na uji ameanza."

"Kitovu kilipona vizuri? Hakikutoa usaha?"

"Kilipona."

"Ana nywele?"

"Tele. Na paji la uso ni la marehemu babu yake."

Viganja viliinuka kidogo kutoka mapajani, vikaachana kwa upana wa mtoto, vikakaa hivyo hewani. Nikamfikishia maneno ya mkaza mwana yote, bila kupunguza wala kuongeza. Nikamwambia hataulizwa lolote. Nikamwambia mtoto ataletwa Jumapili hii akitaka. Mzee wa bustani alikuwa ameacha kufyeka. Alisimama kwenye ua, fyekeo mkononi, akisikiliza. Nilimngoja. Nimewaona watu wakijifungua kwa shida, na uso wake ulikuwa hivyo; neno lilikuwa limefika mlangoni kabisa.

Kisha viganja vikashuka, vikajifunga.

"Mwambie nyar duka," akasema, "mimi sijawahi kukosea dozi."